Mkanyaga Sufu na Maji Baridi

Mjomba wangu Mandroni alizihesabu tini zake kila jioni, na kila asubuhi alizihesabu tena. Zikipungua, ameibiwa. Zikitimia, alisema mwizi wake ni mjanja, anangoja kwanza tujisahau. Hivyo ndivyo alivyoishi hapa Mileto, katika kichochoro cha wakanyaga sufu nyuma ya bandari, na ndivyo alivyonilea mimi, Melita, mtoto wa dada yake, tangu homa ilipomchukua mama nikiwa na miaka tisa. Hakunipiga wala hakuninyima chakula. Ila hakuniamini, na kuna siku niliona afadhali angenipiga.

Kazi yetu ilikuwa kofia za mabaharia, zile ndefu zenye ncha, za sufu isiyosokotwa wala kufumwa. Unaichambua sufu mpaka inakuwa nyepesi, unaitandaza juu ya mkeka wa matete tabaka juu ya tabaka, hili likienda huku na lile likilikata. Unainyunyizia maji moto, unaukunja mkeka, halafu unaukanyaga mpaka visigino vinawaka. Ukiufungua, ile sufu iliyokuwa ikipeperuka kwa pumzi imeshikamana, huwezi kuichana kwa mikono. Unaivika kwenye kalibu ya mti, unaipiga, unaiacha ikauke. Kila nyumba ya kichochoro chetu ilijua hivyo. Lakini kofia zetu hazikuwa kama za wengine, na sababu ilikuwa kwenye maji.

Mjomba alitia kitu. Baba yake alikitia, na babu yake pia. Chungu kikianza kuchemka, aliniambia bila kunitazama, "Melita, kaangalie kama meli zimepinda rasi." Nilitoka, mlango ukafungwa nyuma yangu, komeo likaingia. Hata katikati ya majira ya baridi, wakati hakuna mwenye akili zake anayesafiri baharini, nilikwenda kuangalia meli. Nilisimama ukutani natetemeka, na harufu ya zaatari ikinijia kutoka chini ya mlango, maana alitupa motoni majani makavu ya zaatari ili kufunika harufu nyingine. Komeo likitoka, maji yalikuwa tayari, naye amekaa kama mtu ambaye hakufanya lolote. Tuliishi hivyo miaka kumi na minne.

Siri yenyewe ilikuwa siki ya tini. Niliijua kabla sijatimiza miaka kumi, maana mimi ndiye niliyefua nguo zake, na nina pua. Mwanzoni sikumwambia kwa woga: angenifukuza siku hiyohiyo, na sikuwa na kwingine pa kwenda. Nilipokuwa mtu mzima sikumwambia kwa hasira. Nilitaka aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme kazi hii ni yako. Kiuno chake kilikuwa kimeanza kugoma, naye alishatangaza mbele ya majirani kwamba atazikwa na siri yake. Angezikwa bila kunitamkia neno hilo, na mimi ningebaki na nini? Mkeka na kalibu, na visigino vilivyopasuka.

Kulikuwa na Deini, mwenye karakana upande wa pili wa kichochoro. Huyu aliwahi kunisimamisha kisimani, miaka mitatu kabla ya haya, akiwa na hereni za fedha kiganjani.

"Melita, masikio yako yako uchi."

"Yamezoea."

"Neno moja tu. Mzee anatia nini?"

"Anatia jasho, Deini. Jaribu na wewe."

Alizirudisha hereni zake kwenye mkunjo wa nguo akaenda zake. Sikumwambia mjomba. Angeniuliza kwa nini Deini alinichagua mimi na si mtu mwingine, na jibu lolote ambalo ningetoa lingekuwa baya.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Fanodiko, mwenye meli tatu ziendazo Ponto, bahari ya mbali kaskazini, kwenye baridi na ngano. Meli tatu, wapiga makasia hamsini kila moja, kofia mia na hamsini. Kila mwisho wa majira ya baridi alikuja kuchagua karakana, na alikuwa na kipimo chake. Alijaza kofia maji, akaining'iniza kwenye mti wa tini uani, akakaa chini yake na kula tini kavu, moja moja, bila haraka. Tone la kwanza likidondoka kabla ya tini ya kumi, hanunui. Zetu hazikudondosha mpaka alipokuwa ameshalamba vidole. Za Deini zilidondosha kwenye tini ya nne. Mjomba alisimama kando akihesabu kwa midomo, na wageni walidhani anahesabu matone. Alikuwa anahesabu tini, maana zilikuwa zetu.

Basi, mwaka huo akaja Teisandro.

Alikuwa mtu wa nyumba kubwa, mwenye mikono isiyowahi kushika kamba. Mjini kwetu watu wa namna yake hawakuwa wageni. Alikuwepo mzee mmoja kabla yake aliyesema kila kitu kilianza kikiwa maji, na mwenzake akasema hapana, kilianza kikiwa kitu kisicho na mpaka wala jina. Tuliwasikia sokoni, tukaendelea kununua samaki. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini wale hawakuja kukaa kwenye kizingiti chetu. Huyu alikaa asubuhi nzima, joho zuri limejaa nyuzi za sufu, akitazama.

"Unanunua?" mjomba alimuuliza.

"Hapana, mzee. Natazama."

"Unatazama nini?"

"Miguu yako."

Mjomba aliishusha kanzu yake ya kazi mpaka vifundoni. "Miguu yangu ina mwenyewe," alisema.

Siku ya pili alikuja tena, na ya tatu. Hakuuliza bei, hakusifu, hakuomba hata maji ya kunywa. Mtu asiyetaka kitu ndiye aliyemtisha mjomba kuliko wote. Siku ya tatu, mjomba alipoufungua mkeka, Teisandro alinyoosha mkono akaigusa ile sufu iliyoshikamana.

"Asubuhi ilikuwa nyepesi, ukiipuliza inaruka," alisema. "Sasa ni ngumu kama ngozi. Umeongeza nini?"

Mjomba aliivuta sufu upande wake. "Sijaongeza kitu."

"Hakuna hata kidogo?"

"Nimesema sijaongeza."

"Ndivyo nilivyofikiri," alisema yule bwana, na uso wake ukawaka kwa furaha. "Ni kitu kilekile. Kimebanwa tu."

Alipoondoka mjomba hakula. "Umesikia alivyouliza?" alisema. "Kati ya maswali yote ya dunia, anauliza nimeongeza nini. Huyo ametumwa na Deini. Kesho mfuate."

"Nimfuate wapi?"

"Atakakokwenda. Akiingia kwa Deini, rudi mbio."

Nilimfuata. Hakuingia kwa Deini. Alipanda kilima nyuma ya hekalu la Athena, akakaa juu ya jiwe, akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya mlima Latmo, ng'ambo ya ghuba. Kisha aliinua kiganja mbele ya mdomo, akabana midomo, akapuliza. Halafu akaachama kama anayepasha vidole joto, akapumua kwenye kiganja kilekile. Akabana, akapuliza. Akaachama, akapumua. Nilikaa nyuma ya kichaka mpaka miguu ikafa ganzi, na yeye bado anapuliza.

"Anapuliza kiganja," nilimwambia mjomba.

"Anapulizaje?"

Nilimwonyesha.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Hukuhesabu," alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeletewa ushahidi. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Ni ishara hiyo. Mtu wa Deini alikuwa bandarini anaisoma."

"Mjomba, aliye bandarini ataonaje mdomo wa mtu aliye kilimani?"

"Ndiyo maana alirudia mara nyingi."

Na hapo ndipo alipopata wazo lake, na wazo hilo alilipenda sana. Atamtegea. Atampa Teisandro uongo mmoja mzuri, kisha atakaa kutazama moshi wa Deini. Maji yalichanganywa na kunyunyizwa ndani, na uani tulitoka na mkeka uliokwisha kukunjwa, kwa hiyo yule bwana hakuwa ameona mvuke. Siku iliyofuata mjomba alimkaribisha kwa kipande cha jibini, jambo lililonishangaza hata mimi, akamwinamia sikioni.

"Kwa kuwa wewe ni mtu wa heshima," alisema, "nitakwambia neno. Hawa wote wanatumia maji moto. Mimi natumia baridi. Ya kisimani, ya alfajiri. Baridi ndiyo inayobana."

Teisandro alilishika jibini bila kulila. Alikiinua kiganja chake kitupu mdomoni, akabana midomo, akapuliza. "Baridi," alisema polepole. Akaachama akapumua. "Moto." Kisha akainuka akaenda, na jibini likabaki kwenye kizingiti. Mjomba alilirudisha mtungini.

Siku tatu mjomba alipanda darini kutazama ua wa Deini, na moshi wa Deini uliendelea kupanda kama kawaida. Nilianza kumwonea huruma. Kisha, siku ya nne, muuza samaki mmoja alipita akamwamkia kwa heshima ambayo hatukuizoea.

"Mzee Mandroni, kumbe wewe ni mtu mkubwa. Umetajwa kwenye ukumbi wa sokoni, wanakobishana wenye hekima."

"Nimetajwa na nani? Kwa kosa gani?"

"Si kosa. Bwana Teisandro anasema kila kitu ni hewa. Hewa ikilegea inakuwa moto. Ikikanyagwa inakuwa wingu, ikikanyagwa zaidi inakuwa maji, zaidi tena udongo, na mwisho mawe. Hakuna kinachoongezwa, ni kubanwa tu, na kinachobana ni baridi. Watu wakabisha. Akasema nendeni kwa Mandroni mkanyaga sufu, mkaone kwa macho yenu. Ana maji baridi ya alfajiri, na sufu inamtii."

Mwingine angefurahi. Mjomba alikaa chini. "Kwa nini anisifu?" aliniuliza. "Mtu hasifiwi bure."

Alasiri ile Teisandro alikuja mwenyewe, amechangamka, akaeleza tena habari yote kuanzia moto hadi mawe. Mjomba alimsikiliza huku amekunja mikono, na alipomaliza alimuuliza swali moja.

"Huko juu, nani anakanyaga?"

"Hakuna anayekanyaga, mzee. Hewa inajibana yenyewe."

"Si mungu Zeu?"

"Sijaona haja yake."

"Mimi nina miaka sitini na tatu kwenye dunia hii," mjomba alisema. "Kazi ikikamilika na mfanyakazi haonekani, hapo pana wizi."

Teisandro alicheka sana. Mjomba hakucheka, maana hakuwa ametania.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwetu haikufika hata mwisho wa wiki. Mji wote ulishajua kwamba siri ya Mandroni ni maji baridi. Nyumba mbili za kichochoro zikajaribu, Deini akiwamo, na sufu ikatoka mikononi mwao kama uji. Mjomba alipoyaona yale matambara nje kwa Deini alinivuta mkono. "Si nilikwambia? Ametumwa."

"Mjomba, kila mtu amesikia. Hata wauza vitunguu wamesikia."

"Wauza vitunguu hawakanyagi sufu."

Na kabla sijajibu, Fanodiko alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu juu ya upepo, ila siku hiyo alisema taratibu, na hilo likanitisha.

"Mandroni. Bibi yangu alikanyaga sufu. Anasema kofia ya maji baridi inafumuka mvua ya kwanza."

"Bibi yako anasema kweli."

"Na ukumbini wanasema unatumia maji baridi. Mwaka jana watu wangu wawili wa Ponto walikatwa masikio na baridi. Nilidhani ni ulevi wao."

"Bwana Fanodiko, ule ulikuwa uongo tu. Nilimdanganya mtu."

"Ulimdanganya yeye, au unanidanganya mimi?"

Mjomba alirudi nyuma hatua moja. Maisha yake yote aliwatazama watu kwa jicho lile, na sasa jicho lilelile lilikuwa linamtazama yeye. Hakujua afanye nini nalo.

"Kesho kutwa asubuhi nitakuja," Fanodiko alisema. "Utaitengeneza moja mbele yangu, tangu sufu mpaka kofia, uani, mlango wazi. Nikiridhika, mia na hamsini ni zako. Nisiporidhika, nakwenda kwa Deini, na kila mwenye meli atajua kwa nini."

Asubuhi ya siku yenyewe kiuno cha mjomba kilikataa kabisa. Alijaribu kusimama mara mbili, mara ya pili nikamdaka. Alidai kuna mtu amezichezea nyayo zake njiani ili amloge. Nilimkalisha uani kwenye kigoda, mguu juu ya mto wa sufu, na nikaona jasho likimtoka.

"Nitakanyaga mimi," nilisema.

Sauti ya Fanodiko ilikuwa tayari inasikika mwanzo wa kichochoro.

"Nimekanyaga miaka kumi na minne, mjomba. Kilichobaki ni maji tu."

Alilitazama lango. Alinitazama mimi. Niliona kabisa anavyopambana ndani yake, na hili ndilo nililolingoja tangu utoto. Alinishika bega akanivuta mpaka sikio langu likafika kwenye ndevu zake. Ndevu zake zilinuka siki, kama siku zote.

"Ni mafuta," alininong'oneza. "Mafuta ya zeituni. Vikombe viwili kwenye maji moto. Usimwambie mtu."

Nilisimama wima. Mafuta huifanya sufu iteleze, haishikamani hata uikanyage mwaka mzima. Nyumba yetu ilikuwa inazama, na yeye bado alikuwa ananipa uongo. Niseme kweli, iliniuma kuliko siku ile mama alipozikwa, maana mama hakutaka kuniacha.

Nilikuwa na njia mbili. Kumtii, nitie mafuta, na kila mtu aone matokeo; angestahili. Au kufanya kazi kama inavyofanywa, na yeye ajue kwamba najua, na aamini milele kwamba mimi ndiye mwizi wake wa tini na wa kila kitu.

Walishaingia. Fanodiko na mfuko wake wa tini, maana safari hii hakutaka zetu. Teisandro, ambaye alialikwa na Fanodiko ili aone. Na Deini, ambaye hakualikwa na mtu, akiegemea nguzo ya lango.

Niliingia ndani. Chungu kilikuwa kinachemka. Mtungi mkubwa wa mafuta ulikuwa palepale mlangoni, kila mtu angeweza kuuona. Niliupita. Nilikwenda kwenye kitanda cha mjomba, nikainua ngozi ya kondoo upande wa kichwani, nikautoa mtungi mdogo wa siki wenye shingo nyeusi, aliodhani sijawahi kuuona, nikamimina kipimo kilekile ambacho pua yangu ilikijua. Mvuke ukapanda na harufu ikapanda nao. Huko nje kulikuwa na Deini na pua yake. Basi nilichukua konzi ya zaatari kavu, nikaitupa motoni.

Moshi wake ulitangulia mlangoni kabla yangu. Nilipotoka na beseni, sikumtazama Deini wala Fanodiko. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinua uso, pua imefunguka, na mikono yake imeshika kigoda pande zote mbili. Alijua.

"Yanatoa mvuke," alisema Teisandro. Alichovya kidole kwenye beseni akakitoa haraka. "Mzee Mandroni, maji haya ni moto."

"Ni moto," mjomba alisema, bila kuniondolea macho.

"Uliniambia baridi."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilidhani umetumwa."

"Na nani?"

"Na huyo hapo."

Teisandro aligeuka akamtazama Deini kwa makini. "Simjui," alisema.

"Na mimi simjui huyu," alisema Deini. "Ila amenipotezea sufu ya kondoo wanane."

Fanodiko alicheka mpaka tumbo likatikisika. Teisandro hakucheka. Alikaa chini kwenye kizingiti chake cha siku zote, akainua kiganja, akabana midomo, akapuliza, akabaki ameshika hewa. Alikuwa amewaambia watu arobaini. Sikuwa na muda wa kumhurumia.

Nilitandaza sufu tabaka kwa tabaka. Nilinyunyiza. Niliukunja mkeka, nikaufunga kamba, nikapanda juu. Sijui nilikanyaga muda gani. Najua kwamba kila nilipogeuka, macho ya mjomba yalikuwa kwenye miguu yangu, kama mtu anayengoja ikimbie. Niliufungua mkeka, nikaivika kofia kwenye kalibu, nikaipiga kwa mti mpaka mikono ikaisha nguvu. Fanodiko aliichukua ingali ya vuguvugu. Aliijaza maji, akaining'iniza, akakaa chini yake, akafungua mfuko.

Tini ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne Deini alisogea mbele. Kofia ilikaa kimya. Ya saba, ya nane. Fanodiko alitafuna kwa makusudi polepole. Ya kumi aliila, akalamba vidole, akafuta mikono, na ndipo tone moja likatoka, likaanguka mguuni kwake.

"Mia na hamsini," alisema. "Na huyu binti ndiye akanyage."

Deini alishatoka. Teisandro aliondoka wa mwisho, kichwa chini. Nimesikia kwamba baada ya siku chache alirudi ukumbini akafundisha vilevile, baridi hubana na joto hulegeza, isipokuwa sufu sasa anaitaja bila kutaja maji. Watu wenye akili nyingi ni wagumu kukirudisha kitu walichokwisha kukisema. Na hilo la kwamba hakuna kinachoongezwa, hajaambiwa mpaka leo kuwa si kweli. Huenda huko juu pia kuna siki, lakini mimi si wa kumwambia.

Tulibaki wawili uani. Nilikuwa nakusanya matete yaliyovunjika.

"Nani alikwambia?" mjomba aliuliza.

"Pua yangu."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza."

Aliushusha mguu kutoka kwenye mto. "Basi siku ya hereni ulikuwa unajua."

Matete yaliniponyoka. Hakuwahi kunitamkia neno lolote kuhusu hereni.

"Nilikuwa darini," alisema. "Nilikuona naye kisimani. Nilimwona amenyoosha mkono. Miaka mitatu nimeishi na wewe humu ndani nikijua umeniuza, na nikakaa kimya, maana nani angenipikia."

Nilitaka kulia, nilitaka kumrushia beseni. Niliketi chini mbele yake.

"Mjomba, kofia ya Deini inadondosha kwenye tini ya ngapi?"

"Ya nne."

"Mwaka jana?"

"Ya nne."

"Mwaka juzi?"

"Ya nne," alisema, kwa sauti ndogo zaidi.

"Na msimu wa kwanza baada ya hereni?"

Yeye aliyehesabu kila kitu, hakuwa amelihesabu hilo. Nilimwona akirudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, midomo ikicheza. Alipofika mwisho aliangalia pembeni, kwenye mti, ambako ile kofia ilikuwa bado inaning'inia. Hakuniomba radhi. Hakuwahi kumwomba radhi mtu yeyote, na sitamsingizia sasa kwa kuwa amekufa. Jioni ile alizihesabu tini zake kama kawaida.

Asubuhi iliyofuata tulianza kazi ya Fanodiko. Nilimsaidia kuingia ndani, nikamkalisha karibu na moto. Chungu kikaanza kuchemka. Niliinuka kabla hajasema, nikachukua mtandio wangu, nikatoka kwenda kuangalia kama meli zimepinda rasi. Nilikuwa nje tayari, nauvuta mlango nyuma yangu, aliponiita.

"Unakwenda wapi? Funga mlango."

"Ndio naufunga."

"Kwa ndani, Melita," alisema. "Komeo lifungwe kwa ndani."